Mahadhi ya kijiji, jina la mtunzi

Mwaka 1904 mpiga piano kijana wa Hungaria, Béla Bartók, alikwenda kukaa kwenye shamba la Gerlice, sehemu ambayo leo imo ndani ya Slovakia. Alikuwa na umri wa miaka 23, na alitaka utulivu wa kufanya mazoezi na kutunga. Humo ndani akamsikia yaya mmoja akiimba. Yaya huyo aliitwa Lidi Dósa, msichana kutoka Transilvania, eneo ambalo leo limo ndani ya Romania, na wimbo wake ulikuwa wa tufaha jekundu lililodondoka matopeni. Bartók akauandika kwa noti, akamwomba amwimbie na nyingine. Mwaka uliofuata wimbo wa tufaha ulichapishwa ukiwa na sehemu ya piano aliyoitunga yeye, na jina la Bartók likiwa juu yake.

Wapenzi wa muziki wa klasiki hukisimulia kisa hiki kama habari njema tupu. Mtunzi aliyekuwa akifuata nyayo za Liszt na Richard Strauss alipata njia yake kupitia sauti ya yaya, na karne ya 20 ikampata mmoja wa watunzi wake wakubwa. Wapo wanaokisoma kwa upande wa pili: mwenye elimu na kalamu alichukua cha asiye na kalamu, akawapelekea watu wa mjini, na sifa zikabaki mjini. Pande zote mbili zina hoja za kweli. Msimamo wangu nautoa mapema. Bartók hakuwa mwizi, kwa sababu aliuacha muziki wa kijiji umfundishe upya kazi yake mwenyewe. Lakini alibaki na deni, na deni lenyewe haliko pale ambapo wakosoaji wengi hulitafuta.

Ili kumpima kwa haki, inabidi kuangalia waliomtangulia walikuwa wakifanya nini. Katika karne ya 19, "muziki wa Kihangari" uliosikika Vienna, Paris na Leipzig ulikuwa ule wa bendi za mikahawani za Waroma, watu ambao Ulaya iliwazoea kwa jina la jipsi. Liszt aliutumia kutungia Rapsodia zake 19 za piano, kisha mwaka 1859 akachapisha kitabu akidai kwamba muziki huo ni mali ya Waroma wenyewe. Johannes Brahms naye akatoa Ngoma za Kihangari kuanzia mwaka 1869. Nyingi ya mahadhi yake alikuwa ameyasikia kwa mpiga fidla Ede Reményi, aliyekuwa akisafiri naye kwenye maonyesho. Ile ngoma ya tano, ambayo hata asiyemjua Brahms ameisikia kwenye katuni, haikuwa ya asili hata kidogo. Ilikuwa ya Béla Kéler, mtunzi aliyekuwa hai wakati huo, na Brahms aliichukua akiamini ni wimbo wa watu. Brahms alikuwa mkweli kwa kadiri alivyojua: hakuzipa ngoma hizo namba ya opus, ile ambayo mtunzi huipa kazi yake mwenyewe, akajitaja kuwa mpangaji tu. Ila hakwenda kijijini kuuliza. Watunzi wenzake wengi nao hawakwenda. Mkahawa wa mjini ulihesabiwa kuwa ndio taifa.

Mwaka 1905 Bartók alikutana na mtunzi mwenzake Zoltán Kodály, ambaye tayari alikuwa ameanza kukusanya nyimbo vijijini. Mwaka 1906 wakachapisha pamoja nyimbo 20 za Kihangari zenye sehemu ya piano, wakitumaini kwamba familia za Budapest zitazinunua na kuziimba sebuleni. Mauzo yalikuwa duni mno. Hawakuacha. Walisafiri wakiwa na fonografu ya Edison, mashine iliyochonga sauti kwenye silinda za nta, kila moja ikibeba dakika chache tu. Mwaka 1907 Bartók alifika wilaya ya Csík, Transilvania, na huko akayakuta mahadhi ya zamani yaliyojengwa juu ya sauti tano. Baada ya hapo aliendelea kwa Waslovakia na Waromania, ambao kwao alikusanya mahadhi zaidi ya 3,000. Mwaka 1913 akaenda Biskra, Algeria. Na mwaka 1936 akazunguka maeneo ya Adana, Uturuki, akiongozana na mtunzi Ahmet Adnan Saygun.

Hapa inafaa tusimame, maana ndipo penye kiini cha hoja ya kumtetea. Mwanakwaya yeyote aliyefundishwa solfa anajua jinsi *ti* inavyovuta kwenda *do*. Ukiishia kwenye *ti*, wimbo unaning'inia, na sikio linadai *do* ili lipumzike. Karibu muziki wote wa Ulaya kuanzia enzi za Bach hadi Brahms umejengwa juu ya mvuto huo, na ndio huohuo uliofundishwa kwenye kwaya zetu kwa vitabu vya tenzi: *do*, *fa*, *so*, kisha kurudi *do*. Sasa chukua mahadhi ya Csík. Yana *la*, *do*, *re*, *mi* na *so*. *Ti* haimo na *fa* haimo, wala hakuna kinachovuta kwa nguvu kwenda popote. Ukiyapangia sauti nne kwa kanuni za darasani, unalazimika kuyatia noti ambazo mwimbaji hakuziimba, na matokeo yake yanakuwa kama mkulima aliyevishwa koti la kuazima.

Watunzi wengi kabla yake waliona tatizo hilo wakaurekebisha wimbo. Bartók aliona tatizo hilohilo akairekebisha kanuni. Alieleza baadaye kwamba katika mahadhi yale ya sauti tano, sauti ya saba ina uzito sawa na ya tatu na ya tano. Kwa hiyo *la*, *do*, *mi* na *so* zikipigwa pamoja si mkusanyiko wenye wasiwasi unaongoja kutatuliwa, kama walimu walivyofundisha. Unaweza kusimama wenyewe na ukawa mahali pa kupumzikia. Jambo hilo linaonekana dogo kwenye karatasi, ila kwa mtunzi wa mwaka 1907 lilikuwa mlango mpya kabisa. Wakati huohuo huko Vienna mtunzi Arnold Schoenberg alikuwa anakaribia kuuvunja mfumo wa zamani kwa hesabu zake mwenyewe. Bartók alitoka kwenye mfumo huo kwa kuongozwa na akina mama wa vijijini, wengi wao hawajapata kuona piano.

Mapigo nayo yalimfanyia vivyo hivyo. Kutoka kwenye muziki wa Bulgaria alijifunza mizani zisizo sawa, saba na tano na tisa, ambazo mchezaji wa kijijini anazicheza bila kuhesabu. Sehemu ya tatu ya kwateti yake ya tano, yaani kazi ya vyombo vinne vya nyuzi, ya mwaka 1934, inakwenda kwa mapigo tisa yaliyogawanywa manne, mawili na matatu. Hakuna wimbo wowote wa kijijini ulionukuliwa pale, lakini bila Bulgaria sehemu hiyo isingekuwepo.

Hapo ndipo hoja ya Schoenberg inapokuja. Mwaka 1947 aliandika makala akipinga simfonia zinazojengwa kwa nyimbo za watu. Maana ya hoja yake ni hii: wimbo wa watu umekamilika. Hauna ndani yake tatizo linalodai kuendelezwa, kwa hiyo mtunzi akishauimba hana la kufanya ila kuurudia. Mtunzi Mwingereza Constant Lambert alikuwa amekwisha kusema jambo kama hilo miaka ya 1930, akiongeza kwamba unaweza kuurudia kwa sauti kubwa zaidi. Nakubali kwamba hoja hii inawapata watunzi wengi. Zipo kazi nyingi za okestra, hata za wenye majina, ambazo ni wimbo mzuri uliorudiwa mara nne, kila mara na tarumbeta zaidi.

Lakini Bartók alilijua hilo kabla hajaambiwa. Katika maandishi yake ya mwaka 1931 alitofautisha njia tatu. Ya kwanza ni kuchukua mahadhi yenyewe na kuyawekea sehemu ya kusindikiza. Ya pili ni kutunga mahadhi yako kwa kuiga yale ya kijijini. Ya tatu, aliyoiona kuwa ya juu zaidi, ni pale mtunzi anapokuwa ameumeza muziki ule mpaka anautumia kama lugha yake ya mama, bila kunukuu wala kuiga. *Ngoma za Watu wa Romania* za mwaka 1915 ni za njia ya kwanza: vipande sita vifupi, mahadhi yake hayakuguswa, yote yanakwisha kwa dakika kama sita hivi. Hakuyanyoosha yawe simfonia. *Muziki kwa Nyuzi, Ngoma na Chelesta* wa mwaka 1936 ni wa njia ya tatu, na hapo Schoenberg hana cha kukamata, kwa kuwa hakuna wimbo wa watu ulionukuliwa.

Kwa upande wa ufundi, basi, naona Bartók anashinda. Upande wa haki ni mgumu zaidi.

Waimbaji wa vijijini walipata nini? Katika barua ya mwaka 1907 kwa mpiga fidla Stefi Geyer, Bartók alisimulia kwa mtindo wa mazungumzo alivyohangaika na mama mmoja mkulima. Yeye anaomba nyimbo za zamani, walizoimba bibi zake. Mama anampa za kanisani. Anaomba tena, mama anampa za mjini. Barua hiyo huchekesha wengi. Mimi naona ndani yake mama aliyekuwa na haki ya kutia shaka. Mgeni amevaa suti, ana mashine yenye pembe, anataka nyimbo ambazo watu wa mjini wamezicheka miaka yote, na hasemi wazi atazipeleka wapi. Kama aliishia kuimba, alimpa mgeni kitu ambacho baadaye kingepigwa kwenye kumbi ambazo yeye asingekanyaga.

Upande wa utetezi unajibu kwa daftari. Bartók aliandika kijiji, tarehe, jina la mwimbaji na mara nyingi umri wake. Kazi za kitaalamu alizozichapisha zina taarifa hizo, na silinda zipo. Hebu tulinganishe na mtunzi Mrusi Igor Stravinsky. *Tambiko la Majira ya Kuchipua* la mwaka 1913 linaanza na mahadhi ya Kilituania yaliyochukuliwa kwenye mkusanyo uliochapishwa Kraków. Stravinsky alikiri hayo tu, lakini watafiti, akiwemo Richard Taruskin, walionyesha baadaye kwamba kulikuwa na mengine zaidi yaliyofichwa. Au mlinganishe na mtunzi Percy Grainger, aliyemrekodi mzee Joseph Taylor huko Lincolnshire, Uingereza, na mwaka 1908 sauti ya mzee huyo ikatolewa kwenye santuri ikiwa na jina lake mwenyewe. Grainger kwa hili alimzidi hata Bartók: alimpa mwimbaji nafasi ya kusikika akiwa yeye, bila piano ya mtu.

Daftari halilipi pesa, hilo ni kweli, na haki miliki ya mpangilio ilikwenda kwa mpangaji na mchapishaji. Ila mpangilio wa *Ngoma za Watu wa Romania* ukipotezwa leo, mahadhi bado yana jina la kijiji kilikotoka. Bila daftari, hata anayetaka kulipa hajui amlipe nani.

Wasomaji wa Kenya wana mfano wa karibu zaidi. Mahadhi ya wimbo wa taifa wa mwaka 1963 yametokana na bembelezi la Wapokomo wa bonde la Mto Tana, na kamati iliyoupanga inajulikana kwa majina: Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Mamilioni wameuimba wimbo huo wakiwa wamesimama wima. Wangapi kati yao wanajua kwamba wanaimba kitu kilichokuwa kikiwalaza watoto wa Wapokomo? Sidhani kamati ilifanya kosa kuchagua mahadhi hayo. Ilikuwa heshima kubwa kwa watu wa Tana kuliko kuagiza mahadhi ng'ambo. Ila heshima isiyotajwa darasani hufifia, na kizazi kimoja kinatosha.

Sasa nije kwenye deni lenyewe. Bartók alikuwa sahihi dhidi ya Liszt katika jambo moja: nyimbo nyingi zilizopigwa na bendi za mjini zilitungwa na Wahangari wa tabaka la juu, hazikuwa za Waroma. Lakini hakuishia hapo. Aliendelea kuwaeleza Waroma kama watu wanaopotosha wimbo, wanaoutenganisha na maneno yake na kuujaza mapambo, huku mkulima akisimama kama chemchemi safi. Alikubali kwamba Waroma wa vijijini wana nyimbo zao kwa lugha yao. Kwa mpiga fidla wa Kiroma aliyepiga harusini, hakuwa na huruma hiyo.

Basi fungua *Ngoma za Watu wa Romania*. Ngoma ya kwanza kabisa, ile ya fimbo, inayopigwa na wanafunzi wa piano na fidla duniani kote, Bartók aliipata Mezőszabad kwa wapiga fidla wa Kiroma. Sikio lake lilitambua uzuri uliokuwa mbele yake. Nadharia yake ndiyo iliyokataa kuwapa waliouleta hadhi wanayostahili. Na nadharia ilisafiri mbali, kwa sababu jina lake lilikuwa kubwa. Kwa miongo mingi msomaji wa vitabu vya muziki aliambiwa kwamba Hungaria ina muziki wa kweli, ule wa mkulima, na muziki bandia, ule wa Waroma. Hili kwangu ni zito kuliko suala la mrabaha. Mkulima alipoteza pesa kidogo ambazo pengine zisingemfikia. Mroma aliondolewa kwenye historia ya kazi aliyoifanya kwa mikono yake.

Kinachoumiza zaidi ni kwamba Bartók hakuwa mtu wa chuki. Baada ya mkataba wa Trianon wa mwaka 1920, Hungaria ilipopoteza takriban theluthi mbili ya ardhi yake, magazeti ya Budapest yalimshutumu kwa kuandika kuhusu muziki wa Waromania. Baadaye kukawa na Waromania waliomshutumu kwamba anaupendelea wa Wahangari. Mwaka 1931 alimwandikia Mromania Octavian Beu kwamba wazo linalomwongoza ni udugu wa mataifa. Alihama mwaka 1940 kwa kutotaka kuishi chini ya wafuasi wa Hitler. Mwaka 1942, akiwa Marekani, alichapisha makala akisema kuchanganyika kwa mataifa ndiko kunakotajirisha muziki wao. Aliyeandika hayo alikuwa na kila sababu ya kurudi nyuma na kumtazama upya mpiga fidla wa Mezőszabad. Alifariki New York mwezi Septemba 1945.

Waliofanya kazi hiyo kwa niaba yake ni vijana. Mei 1972, mjini Budapest, Béla Halmos na Ferenc Sebő pamoja na wachezaji wenzao walianzisha táncház, jumba la ngoma ambako watu wa mjini walijifunza kucheza ngoma za kijijini kama zinavyochezwa kijijini. Walitegemea mikusanyo na rekodi za akina Bartók, Kodály na waliowafuata. Lakini walipotaka kujua jinsi upinde wa fidla unavyoshikwa, ilibidi waende Transilvania, na wengi wa mabingwa waliowakuta huko walikuwa Waroma. Mwaka 2011 UNESCO iliitambua njia ya táncház kuwa mfano bora wa kuhifadhi urithi. Hapa pande mbili za mabishano yetu zinakutana kwa namna nisiyoweza kuipuuza: bila silinda za nta, vijana wasingejua watafute nini, bila Waroma, wasingekuta wa kuwafundisha.

Mlango ambao Bartók aliufungua ulifika hadi bara letu. Mtunzi György Ligeti, mzaliwa wa Transilvania mwaka 1923 na mwanafunzi wa chuo kilekile cha muziki cha Budapest alichosoma Bartók, alisikia miaka ya 1980 rekodi za Jamhuri ya Afrika ya Kati zilizofanywa na mtafiti wa muziki Simha Arom. Kitabu chake cha kwanza cha *Études* za piano, mwaka 1985, kina mapigo yanayopishana ambayo yana asili huko. Ligeti alimtaja Arom wazi, akamwandikia hata dibaji ya kitabu chake. Hilo ni jema. Ila waimbaji na wapiga pembe wenyewe, tofauti na wa daftari la Bartók, wanajulikana kwa wasikilizaji kwa jina la kabila tu.

Wapo pia waliotunga kutoka ndani. Mganda Joseph Kyagambiddwa aliandika oratorio, yaani kazi ndefu ya kwaya yenye kisa cha dini, ya Mashahidi wa Uganda, mwaka waliotangazwa watakatifu, 1964, akijenga juu ya muziki wa Kiganda. Justinian Tamusuza aliandikia kwateti ya nyuzi kwa sikio la Kiganda, na kundi la Marekani la Kronos Quartet likaitoa mwaka 1992. Ni rahisi kusema kwamba kwao swali la deni halipo kwa kuwa ni watoto wa nyumbani. Sina hakika. Msomi wa chuo cha muziki na mpiga amadinda, marimba ya Kiganda, wa kijijini hutofautiana kwa kalamu, kwa mkataba na kwa jukwaa, hata kama lugha yao ni moja.

Kenya ilitunga sheria mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni, inayoipa jamii sauti juu ya matumizi ya vilivyo vyake. Ni hatua niliyoifurahia. Lakini sheria ya namna hiyo huitambua jamii, na wimbo haukai kwa jamii nzima kwa usawa. Unakaa kwa bibi fulani anayejua ubeti wa sita, na kwa mpiga fulani anayejua pale mapigo yanapogeuka. Mpangaji wa kwaya anayepeleka wimbo wa asili kwenye mashindano ya shule anaweza kuanza bila kungoja sheria yoyote: juu ya karatasi ya noti, kando ya jina lake, aandike jina la aliyemwimbia, kijiji na mwaka. Na kama aliyempa mahadhi ni mpigaji wa harusini ambaye wazee wanamwona si wa asili kamili, jina lake liandikwe vilevile.